Ufundi wa Kuondoa Ruhusa

Kumpa mtu ruhusa ya kuingia kwenye kanzidata ni kazi ya dakika moja. Unaandika GRANT, unataja jedwali, unataja jina lake, basi. Kumwondolea ruhusa hiyo siku kazi yake inapokwisha, ikaondoka yote na kila mahali, bila kuwavurugia waliobaki, ndiko kunakomtambulisha fundi. Ninaandika kuisifu kazi ya kuunganisha kanzidata na mfumo mkuu wa ruhusa kwa sababu wengi wananufaika nayo bila kujua kama ipo. Mgonjwa hajui ni nani anayeweza kusoma faili lake hospitalini. Mwanachama wa SACCOS hajui ni nani anayeweza kufungua jedwali la mikopo ofisi ikishafungwa. Wanaamini tu kwamba kuna mtu aliyelifikiria jambo hilo kwa niaba yao.

Wapo waliolifikiria, tena mapema. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha mwaka 1970 makala iliyopendekeza data zipangwe katika majedwali, ili mtumiaji aulize anachotaka bila kuhangaika na jinsi zilivyohifadhiwa ndani ya mashine. Alikuwa akiwaza hazina kubwa za data zinazotumiwa na watu wengi. Na watu wakishakuwa wengi kwenye hazina moja, swali la nani aone nini haliepukiki. Wenzake wa IBM walipoijenga System R ili kuonyesha kwamba nadharia ile inatekelezeka, swali hilo likawafikia mezani. Mwaka 1976 Patricia Griffiths na Bradford Wade wakachapisha utaratibu wa ruhusa ambao ndio chimbuko la GRANT na REVOKE tunazoandika hadi leo.

Kinachonivutia katika makala yao ni kwamba sehemu ngumu haihusu kutoa. Chukua ofisi yoyote. Mhasibu mkuu amempa karani ruhusa ya kusoma jedwali la malipo, pamoja na uwezo wa kuigawa. Karani akampa msaidizi wake. Sasa mhasibu mkuu anamwondolea karani ruhusa ile. Msaidizi je? Na kama karani alikuwa amepewa ruhusa hiyohiyo na meneja pia? Griffiths na Wade waliamua kwamba ruhusa ikiondolewa, mambo yawe kama vile haikuwahi kutolewa kabisa, na ili mashine iweze kuufuata mnyororo huo, kila utoaji uwekewe alama ya wakati. Ikiwa meneja alitoa kabla karani hajampa msaidizi, msaidizi anabaki. Ikiwa alitoa baadaye, msaidizi naye anaondoka. Ni uamuzi wa haki, uliofikiriwa hadi mwisho, na hautegemei nani anamfahamu nani.

Utaratibu ule ulitosha kwa kanzidata moja. Taasisi ya leo haina moja. Ina ya mishahara, ya wateja, ya stoo, ya ripoti, na kila moja ikijiwekea orodha yake ya watumiaji na nywila, mfanyakazi akiondoka inabidi mtu akumbuke kila mahali alipokuwa na akaunti. Hakuna anayekumbuka kote. Kwa hiyo orodha ya watu huwekwa mahali pamoja, kwenye saraka kuu, na kanzidata zote huiuliza saraka hiyo: huyu ni nani, na bado ni wetu? LDAP, itifaki iliyochapishwa mwaka 1993 na Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake, ndiyo inayotumika sana kuuliza swali hilo. Active Directory ya Microsoft, iliyokuja na Windows 2000, inaielewa, na ofisi nyingi tayari zinayo kwa ajili ya kompyuta za wafanyakazi.

Lakini kuuliza kuna namna zake, na fundi hapaswi kuchagua kwa mazoea. Kanzidata ya PostgreSQL ikiunganishwa na LDAP, mtumiaji huituma nywila yake kwa seva ya kanzidata, nayo seva huipeleka kwenye saraka ikahakikiwe. Nywila ileile inayofungua barua pepe yake imepita mikononi mwa seva. Usipoisimba njia kwa TLS, kutoka kwa mtumiaji hadi kwenye kanzidata na kutoka kwenye kanzidata hadi kwenye saraka, anayesikiliza mtandao anaiokota. Kerberos inafanya kazi kwa adabu nyingine. Ilitoka MIT, katika Mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983, ikijengwa juu ya wazo lililochapishwa na Roger Needham na Michael Schroeder mwaka 1978. Mtumiaji hujithibitisha asubuhi kwenye kituo kikuu na kupewa tiketi, kisha kwa tiketi hiyo huomba nyingine ya kuingilia kanzidata. Kanzidata huifungua kwa ufunguo wake yenyewe, uliotunzwa katika faili dogo liitwalo keytab, na humtambua aliyekuja bila kuiona nywila yake hata mara moja. Tiketi yenyewe haidumu. Kwenye Active Directory kwa kawaida huishi kwa saa 10, kisha inaisha nguvu.

Nalipenda sana jambo hili. Seva isiyoijua siri haiwezi kuivujisha. Gharama yake ni nidhamu: majina ya seva kwenye DNS yawe sahihi, na saa za mashine zote ziende pamoja, maana kwa kawaida Kerberos haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Anayelalamika kwamba Kerberos ni ngumu mara nyingi analalamikia mtandao ambao haukuwahi kupangwa vizuri.

Sasa tukae na faili moja. Katika PostgreSQL linaitwa pg_hba.conf, na humo ndimo kanzidata inapoelekezwa kwa mfumo mkuu au inapouacha kando. Kila mstari unataja aina ya muunganisho, kanzidata, mtumiaji, anwani anakotoka, na njia ya kumthibitisha. Mstari mmoja unaweza kuwa hivi:

hostssl malipo +wahasibu 10.20.0.0/16 gss

Maana yake ni kwamba anayekuja kwa njia iliyosimbwa, akiitaka kanzidata ya malipo, akiwa mwanachama wa kundi la wahasibu, akitokea kwenye mtandao wa ofisi, aonyeshe tiketi ya Kerberos. Ile alama ya kujumlisha ndiyo inayosema kundi. Seva huyasoma masharti haya kuanzia juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Mtumiaji akishindwa hapo, ameshindwa. Haupo wa pili wa kumwokoa. Kwa hiyo mpangilio wa mistari ni sheria sawa na maneno yake. Mtu akiwa na haraka akaweka juu kabisa mstari unaoruhusu watumiaji wote, kanzidata zote, anwani zote, kwa nywila za ndani, yote yaliyoandikwa chini yake kwa wanaotoka kwenye mtandao hayasomwi tena. Mfumo mkuu upo, umelipiwa, na hakuna anayeulizwa kupitia kwake.

Mafundi ninaowaheshimu humalizia faili hili kwa mstari unaokataa kila aliyebaki. PostgreSQL ingemkataa hata bila mstari huo, lakini wanauandika ili atakayelirithi faili aione nia yao. Huangalia mwonekano (view) wa pg_hba_file_rules kwanza, wathibitishe kwamba seva imeyaelewa waliyoyaandika, ndipo waiagize iyasome upya. Huacha pia mstari mmoja wa ndani ya mashine yenyewe, kwa ajili ya msimamizi, kwa sababu ipo siku saraka itazimika na kanzidata bado itahitaji mwenye kuihudumia. Njia hiyo ya dharura wanaijua watu wachache, kwa majina.

Saraka inamthibitisha mtu. Haimuundii nafasi ndani ya kanzidata. Jina laweza kuwapo kwenye LDAP, nywila ikawa sahihi, na bado PostgreSQL ikajibu kwamba jukumu (role) lenye jina hilo halipo. Kuna programu kama ldap2pg, iliyotengenezwa na kampuni ya Kifaransa ya Dalibo, inayosoma makundi ya saraka na kuunda au kufuta majukumu yanayolingana nayo. Ni chombo kizuri, ila hakikufikirii mpangilio. Mpangilio ninaousifu ni huu: majedwali yamilikiwe na jukumu lenye NOLOGIN, yaani lisiloweza kuingia, ruhusa zipewe makundi, mtu apewe uanachama tu. Mtu akimiliki jedwali kwa jina lake mwenyewe, siku ya kumfuta PostgreSQL hugoma, na ina haki ya kugoma, kwani jedwali litabaki bila mwenyewe. Hapo watu huanza kuhangaika na REASSIGN OWNED wakati mwenzao ameshakabidhi kitambulisho getini. Penye mpangilio mzuri, anatolewa kwenye kundi, na hakuna jedwali hata moja linaloguswa.

Lipo jambo ambalo mfumo mkuu peke yake haulimalizi, nalo linastahili kusemwa kwa sauti. PostgreSQL humthibitisha mtu mara moja tu, anapoingia. Aliyeingia saa mbili asubuhi, akaunti yake ikafungwa kwenye saraka saa nne, bado anasoma majedwali saa nane mchana, mradi hajakata muunganisho. VALID UNTIL haisaidii hapa: inahusu muda wa nywila, kwa hiyo haimgusi anayeingia kwa tiketi, wala haimtoi aliyekwisha kuingia. Ukimwondoa kwenye kundi ndani ya kanzidata, ombi lake linalofuata linakataliwa papo hapo, hata kama muunganisho uko hai. Ukimfungia kwenye saraka tu, hakuna kinachobadilika mpaka atoke. Ndiyo sababu unganisho lililokamilika lina hatua mbili zinazokwenda pamoja: akaunti inafungwa, na papo hapo pg_terminate_backend inakata kila muunganisho wenye jina lile. Nimeona mifumo ya bei kubwa ikijivunia hatua ya kwanza na kusahau ya pili. Kwangu mimi mfumo wa namna hiyo haujakamilika.

Programu nazo ni watumiaji, na ndizo zinazosahaulika zaidi, kwa kuwa hazistaafu wala haziandiki barua ya kuacha kazi. Programu ya ripoti yenye nywila iliyoandikwa ndani ya faili lake inaweza kukaa na nywila hiyo kwa miaka, na kila aliyewahi kuligusa faili anaijua. Michael Schroeder yuleyule, akiwa na Jerome Saltzer, aliandika mwaka 1975 kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa ruhusa chache kadiri inavyowezekana. Vault ya HashiCorp, iliyotoka mwaka 2015, imeliongezea wazo hilo muda: programu inaomba ruhusa, inaundiwa jukumu la kanzidata hapohapo, na muda ukiisha jukumu linafutwa. Ruhusa inazaliwa ikiwa na tarehe ya mwisho wake.

Faida nyingine ya kazi hii ni majina. Palipo na watu watano wanaoingia kwa jina moja la postgres, kumbukumbu za seva zitasema postgres amefuta safu, na uchunguzi unaishia hapo. Tangu toleo la 14 la mwaka 2021, PostgreSQL ikiwashiwa log_connections huandika utambulisho wa mtu kama ulivyothibitishwa na mfumo wa nje, hata kama ndani anatumia jina lingine. Hiyo inamlinda mwenye data, na inamlinda pia mfanyakazi asiye na hatia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Siku mkaguzi atakapouliza ni nani aliyesoma, taasisi yenye kumbukumbu za namna hii itakuwa na la kujibu.

Kama una kanzidata mikononi mwako, usisubiri mradi mkubwa wala bajeti ya mwaka ujao. Waombe watu wa rasilimali watu orodha ya walioacha kazi mwaka huu. Kisha uliza PostgreSQL yako: SELECT rolname FROM pg_roles WHERE rolcanlogin. Ziweke orodha hizo mbili ubavu kwa ubavu, na jina lolote utakaloliona kwenye zote mbili, anza nalo leo.