Neno "Sonona" na Mpaka wa Majonzi na Maradhi

Neno sonona, litumiwalo na waganga wa Tanzania kwa ugonjwa wa huzuni, lina dosari mbili. Ya kwanza ni ndogo: kitenzi kimesimamishwa mahali pa jina bila kiambishi chochote, jambo liudhilo sikio la mnahau lakini lisilomdhuru mgonjwa. Ya pili yamdhuru. Kusonona ni kuumia moyoni, na kila aliyefiwa husonona. Ugonjwa, kwa kipimo cha matabibu, hudumu majuma mawili au zaidi, ukaondoa hamu ya kazi, usingizi na chakula. Neno halionyeshi mpaka huo.

Huko Ngara mpaka huo una uzito. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24. Miongoni mwao nani alikuwa mgonjwa, na nani alikuwa akiomboleza tu? Kinyarwanda, nduguye Kihangaza cha Ngara, chajibu vizuri zaidi: agahinda ni majonzi, agahinda gakabije, yaani majonzi yaliyopita kiasi, ndiyo maradhi. Paul Bolton, katika uchunguzi wake wa Rwanda uliochapishwa mwaka 2001, aliwauliza kwanza wanavijiji wenyewe, ndipo akalinganisha majibu yao na vitabu vya tiba. Wasemao Kihangaza, na Kisubi cha Biharamulo, wastahili kuulizwa vivyo hivyo kabla fomu za Kiswahili hazijapigwa chapa. Mama wa Rulenge aambiwapo tu kwamba ana sonona, huenda akajibu kwamba ndivyo alivyo kila aliyezika, akarudi nyumbani bila dawa.