Kuzifuata Nyayo za Homa Finsbury

Mfalme Edward VII alipoanza kutawala Uingereza mwaka 1901, wilaya ya Finsbury katikati ya London ilikuwa na watu wapatao 100,000 waliobanana kwenye eneo lisilofika maili moja ya mraba. Familia nzima kulala chumba kimoja halikuwa jambo la ajabu, na watu wa nyumba nzima waligawana bomba na choo. Ndui, dondakoo, homa ya matumbo na homa ya vipele vyekundu zilipita mlango kwa mlango. Dondakoo ilikuwa imepata sindano yake miaka michache tu nyuma. Kwa mengi yaliyobaki, daktari hakuwa na dawa ya kuua vijidudu mwilini. Kilichosimama kati ya mgonjwa mmoja na mtaa mzima kilikuwa miguu, macho na maswali ya bwana afya, na kadiri ninavyousoma ufundi huo ndivyo ninavyozidi kuuheshimu.

Kazi ilianzia kwenye karatasi. Sheria ya mwaka 1889 ilimtaka daktari aliyegundua ugonjwa uliomo kwenye orodha apeleke taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya. Kwa mgonjwa wake binafsi alilipwa shilingi 2 na peni 6, na kwa mgonjwa wa taasisi shilingi 1. Aliyenyamaza alitozwa faini ya hadi shilingi 40. Naiona busara kubwa hapo. Hawakungoja wema wa daktari. Waliinunua habari, tena mapema. Pengo lilikuwepo, kwa sababu surua na kifaduro, vilivyozika watoto wengi mno, havikuwemo kwenye orodha hiyo.

Karatasi ikifika, bwana afya alishika njia. Aliuliza maziwa yanatoka duka gani, watoto wanasoma wapi, nani anafulia watu nguo chumbani humo, nani amekuja kulala juzi. Homa ya matumbo ndiyo iliyompima kweli, maana kwa kawaida hujitokeza wiki moja hadi tatu baada ya mtu kumeza vijidudu. Ilibidi amuulize mama aliyechoka, mwanawe amelala akiweweseka pembeni, familia ilikula nini wiki mbili zilizopita. Nani anakumbuka? Swali kama hilo haliulizwi kwa haraka wala kwa ukali, la sivyo litajibiwa kwa lolote ili mgeni aondoke.

Kisha mabomba ya maji machafu. Kulikuwa na kipimo cha mafuta ya mnanaa ninachokipenda kwa wepesi wake. Mtu mmoja alipanda juu ya paa, akamimina mafuta hayo na maji ya moto kwenye bomba la choo. Mwenzake alibaki ndani, akatembea chumba hadi chumba akinusa. Harufu ikitokea chini ya sakafu au nyuma ya sinki, ufa umepatikana bila kubomoa kitu. Sharti lilikuwa moja: yule wa juu asiingie ndani mpaka mwenzake amalize, kwa sababu mikono na nguo zake tayari zinanuka mnanaa naye angeharibu ushahidi wote. Zipo kazi nyingi ambazo ufundi wake wote ni kujua nani abaki nje.

Matandiko nayo yalikuwa na utaratibu wake. Yalichukuliwa kwa gari moja na kurudishwa kwa jingine, yakapitishwa kwenye tanuri la mvuke lenye milango miwili, katikati ya ukuta uliotenganisha vyumba viwili. Vichafu viliingia upande huu, visafi vikatokea ule, na mtu wa upande mchafu hakuvuka. Nguo yenye damu ililowekwa kwanza kwenye maji baridi, kwani mvuke huigandisha alama isitoke tena. Viatu vya ngozi havikutiwa humo kabisa, mvuke ungevikunja. Kwa maskini mwenye jozi moja ya viatu, uangalifu huo ulikuwa ndiyo tofauti kati ya kwenda kazini kesho na kutokwenda. Chumbani, nyufa zilizibwa kwa karatasi, salfa ikachomwa kwa saa kadhaa, halafu karatasi za ukutani zikabanduliwa na ukuta ukapakwa chokaa.

Familia ilikaa wapi wakati huo? Sheria ya afya ya London ya mwaka 1891 iliyataka mabaraza yaandae makazi ya muda bila malipo, na kulipa fidia kwa vitu vilivyoharibika. Bila vipengele hivi viwili, naamini, watu wangewaficha wagonjwa wao, na ustadi mwingine wote ungekosa pa kufanyia kazi.

Ndui ya 1901 na 1902 ilidai kasi zaidi. Wagonjwa waliletwa kwa magari ya farasi hadi gati la Rotherhithe, wakateremshwa kwa mashua za mvuke kufuata mto Thames mpaka kwenye meli za hospitali Atlas, Endymion na Castalia. Nyuma yao, bwana afya alikusanya majina ya wote waliomgusa mgonjwa ili wachanjwe upesi. Ndui ilichukua takriban siku 12 kujitokeza, na chanjo ikiwahi siku za mwanzo iliweza kuitangulia.

Mganga mkuu wa Finsbury tangu 1900 hadi 1907 alikuwa George Newman, mtaalamu wa bakteria aliyeshika kazi akiwa na miaka 30. Yeye aliyaangalia sana maziwa. Kila kiangazi kuhara kuliua watoto wachanga, hasa wasionyonya. Chupa nyingi za siku zile zilikuwa na mrija mrefu wa mpira usiosafishika kwa ndani, na maziwa yalikaa wazi chumbani nzi wakiyatembelea. Mwaka 1904 Finsbury ikafungua kituo cha kugawa maziwa salama ya watoto, na mwaka 1906 Newman akatoa kitabu kizima juu ya vifo vya watoto wachanga.

Alifanya pia hesabu ambayo naiona ngumu kuliko zote kwa mtu wa kazi yake: aliwapanga marehemu wa wilaya kwa idadi ya vyumba walivyoishi. Waliokuwa na chumba kimoja walikufa kwa kiwango cha juu kuliko wa viwili, na wa viwili kuliko wa vitatu. Hesabu hizo akazichapisha mwenyewe, huku mabwana afya wake wakiendelea kupaka chokaa vyumba vilevile.