"Urgences": hospitali ya Chicago iliyofika Kongo

Pengine utashangaa kukuta habari za filme ya televizio katika kijitabu ambamo tumezoea kuandika juu ya mahari, ngoma na hadithi za wazee. Lakini desturi si kile tu walichotuachia mababu. Hata namna tulivyokaa pamoja usiku, huku taa za wavuvi zikiwaka ziwani, kutazama wagonjwa wa Chicago, ni desturi yetu vilevile, na imekwisha.

Wamarekani waliiita ER. Sisi tuliijua kwa jina la Kifaransa, Urgences. Ilianza tarehe 19 Septemba 1994, ikaisha tarehe 2 Aprili 2009: miaka 15, sehemu 331. Makobola ilifika vipande vipande, kwa kaseti na baadaye CD zilizovuka mpaka toka Bujumbura, bila utaratibu wowote. Juma hili tulimlilia munganga Mark Greene, aliyekufa kwa uvimbe wa ubongo katika sehemu ya mwaka 2002. Juma lililofuata tulimkuta mzima kabisa, anakunywa kahawa. Hakuna aliyelalamika. Sungura wa hadithi zetu naye alikufa mara ngapi?

Wengi hawakusikia Kifaransa, kwa hiyo kijana mmoja aliyemaliza masomo alisimama kando ya televizio akitafsiri. Esansi ikiisha katikati ya sehemu, yeye alimalizia habari kwa kinywa chake, gizani. Mgonjwa akiingizwa mupira kooni, alieleza: "Wanamupa njia ya pumzi." Peter Benton, munganga mweusi wa kupasua, mkali kwa mwanafunzi wake Carter, alimwita Mukubwa. Na aliongeza mambo yake. Mama mmoja alipouliza ni nani anayempikia yule mgonjwa, kijana alijibu bila kusita: "Dada yake yuko nje, anakoroga bugali."

Swali la yule mama ni uchambuzi bora kuliko mwingi tuliosoma. Kwetu mgonjwa haendi hopitali peke yake. Kuna ndugu anayelala chini ya kitanda, anayefua, anayetafuta dawa mjini, na siku ya kutoka ndiye anayekimbia kutafuta franga ili mgonjwa asizuiliwe kwa deni. Katika Urgences mlinzi huyo hayupo. Milango inafunguliwa kwa kishindo, machela inaingia, ndugu anasukumwa pembeni.

Hata hivyo tuliipenda, na tuliipenda kwa haki. Maigizo ya afya tuliyozoea kusikia redioni yalikuwa na mgonjwa anayefuata mashauri na kupona, na mkaidi anayekufa. Hapa munganga mwema alikosea, mtoto akafa, na kesho yake munganga yuleyule alirudi kazini kwa sababu watu walikuwa wanangoja. Muuguzi Carol Hathaway hakuwa mtu wa kushika sinia tu. Wauguzi wetu, ambao katika vijiji vya kando ya ziwa ndio wanganga wenyewe, walijiona humo. Na zaidi ya yote, kila aliyeletwa alikuwa na jina na kisa chake, hata mlevi aliyeokotwa barabarani.

Kisha filme ikaja kwetu. Sehemu iliyoonyeshwa Marekani tarehe 15 Mei 2003 inaitwa "Kisangani". Munganga Luka Kovač, Mkroatia aliyepoteza mke na watoto vitani, yuko Kongo, na Carter anamfuata. Waliipiga Hawaii, visiwa vilevile ambako mwaka mmoja kabla walimpeleka Greene afe. Hilo tunalisamehe, filme ni filme. Kuna Mai-Mai, kuna wenye bunduki wanaingia mahali pa wagonjwa. Hapo mtafsiri wetu alinyamaza. Hakuna aliyemwomba aendelee, maana hilo sote tulilisikia.

Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, milimani katika teritware ya Uvira, ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, na wauguzi pia. Munganga mkuu wake alikuwa Denis Mukwege, ambaye mwaka 1999 alianzisha Panzi huko Bukavu, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani. Na Makobola yenyewe, siku za mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999, ilizika mamia ya watu wake.

Sasa tazama filme. Mwanzoni mwa msimu wa kumi tunaambiwa Luka amekufa, na Carter anarudi kumtafuta. Luka aliachwa hai kwa kuwa, alipokuwa anasali, waliomteka walimdhania padri. Kisa kizuri. Lakini waliokuwa pamoja naye? Isipokuwa wachache, kama Makemba ambaye Carter anampenda, Wakongo wanaingia na kutoka bila kisa. Filme iliyotufundisha kwamba hata mlevi wa Chicago ana jina, ilipofika kwetu ililisahau somo lake. Tunalisema hili bila hasira. Tunalisema kama mtu anayemlaumu rafiki.

Noah Wyle, aliyekuwa Carter, alirudi Januari 2025 katika The Pitt, kama munganga wa hospitali moja ya Pittsburgh, na kila sehemu ni saa moja ya zamu. Wachache wetu tumeitazama kwenye simu, kila mtu na yake, sikio moja limezibwa. Ni nzuri sana. Hakuna anayeuliza kitu.

Mtafsiri wetu siku hizi anauza ndagala. Ukimkuta jioni na kumwomba, atakusimulia kifo cha Greene tangu mwanzo, na katika masimulizi yake kuna dada nje ya mlango, na sufuria ya bugali ikitokota.