Nchi Kavu Chini ya Ziwa Victoria: Mwangwi na Tope Vilivyosomwa Pamoja

Mto Kagera, unaoitenganisha Wilaya ya Kyerwa na Rwanda upande wa magharibi, ndio mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Victoria, ingawa mwishoni mwa enzi ya barafu, kabla ya miaka ipatayo 15,000 iliyopita, mahali lilipo ziwa hilo palikuwa nchi kavu. Ushahidi wa ukavu huo, uliochapishwa na Thomas Johnson na wenzake katika jarida la Science mwaka 1996, unapata uzito wake kutokana na kufungamanishwa kwa vipimo viwili visivyofanana.

Cha kwanza ni cha mwangwi: mapigo ya sauti hupelekwa chini kutoka melini, ambapo sehemu yake hurudishwa na sakafu ya ziwa na sehemu nyingine hupenya tope, ikarudi kila inapokutana na tabaka lenye ugumu tofauti. Kwa kuwa sauti majini huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, na katika tope laini mwendo huo haubadiliki sana, mwangwi unaochelewa milisekunde 10 nyuma ya ule wa sakafu huashiria tabaka lililo mita 7.5 hivi chini yake, maana sauti imekwenda na kurudi. Michoro ya Victoria ilionyesha uso mgumu ulioenea chini ya tope, nayo matabaka ya chini yake yamekatwa na mmomonyoko.

Mwangwi, hata hivyo, huonyesha umbo tu. Ndiyo maana, kwa kipimo cha pili, bomba refu, linalotoa mche wa tope bila kuvuruga mpangilio wake, lilizamishwa hadi kwenye kina kirefu cha ziwa, uchaguzi ulio nguzo ya hoja nzima, kwani pakikauka hapo pamekauka kote. Lilitoa udongo wa mbuga, yaani mfinyanzi unaopasuka kiangazi, wenye vijizizi vya mimea, na umri wake ukakadiriwa kwa kaboni 14.

Mwanabiolojia Geoffrey Fryer alipinga, akiona miaka hiyo 15,000 haitoshi kuzalisha mamia ya aina za samaki waitwao furu. Pingamizi hilo ni zito, lakini linahusu asili ya samaki, ambao wangeweza kurudi kutoka mitoni na maziwa ya jirani; vijizizi haviwezi kuota chini ya mita 60 za maji.

Kinachohitajika sasa ni mistari ya upimaji iliyosongamana, hasa Kagera inapoingia ziwani, kwa sababu mistari iliyoachana inatosha kuthibitisha ukavu, ila haiwezi kufuata mkondo wa kale ambao kando yake wawindaji wangeweza kupiga kambi.