Malenga wapya wamo simuni, wahakiki tuko wapi?

Mwezi uliopita nilikuwa mjini Embu simu yangu ilipozima ghafla. Nikaelekezwa mtaa wa Dallas, kwa kijana mmoja fundi. Kabla sijaketi aliniamkia kwa cheo. "Prof, hunikumbuki? Ulinipa nne kwa ishirini."

Nilimkumbuka kwa shida. Miaka kadhaa iliyopita niliwaagiza wanafunzi wangu watunge shairi. Yeye aliandika mishororo mifupi isiyo na vina wala mizani. Nilichora mstari mwekundu toka juu hadi chini, nikaandika pembeni: "Hili si shairi." Aliniambia haya bila kinyongo, huku akifungua skurubu. Baada ya siku ile hakutunga tena kwa muda mrefu.

Cha kuaibisha ni kwamba muhula uo huo nilikuwa nikifundisha Mchezo wa Karata, diwani ya Kithaka wa Mberia ya mwaka 1997, iliyojaa mashairi huru. Huyo ni mzawa wa Tharaka, jirani kabisa na Embu. Kwa nini nilikubali ya Mberia na kuyakataa ya kijana huyu? Tuseme ukweli: moja lilikuwa ndani ya jalada la kitabu, jingine kwenye karatasi ya mwanafunzi. Mhakiki anayelitambua shairi kwa jalada lake hana tofauti na mnunuzi anayeisifu chupa kabla ya kuonja asali.

Kilichomrudisha fundi wangu kwenye utunzi ni jarida la mtandaoni. "Hebu soma hapa, Prof," alisema, akinipa simu yake. Lilikuwa Jalada, jarida la kundi la waandishi wa Kiafrika ambalo lilianza kuchapisha mwaka 2014. Mwaka uliofuata lilitoa toleo zima kuhusu lugha. Machi 2016 likachapisha hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyoiandika kwa Gĩkũyũ, pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30. Kijana aliyekulia kwenye Kimbeere alipata ruhusa ambayo mimi sikumpa.

Wapo watakaosema mtandao unaua ushairi. Historia inawakana, kwani malenga wetu wengi walijulikana kwanza kupitia kurasa za majarida na magazeti. Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya Shaaban Robert. Kilichobadilika ni chombo, na chombo hakikosi kuathiri umbo. Mshororo wa mizani 16, wenye ukwapi na utao, hukaa vizuri kwenye ukurasa wa kitabu. Kwenye kioo cha simu hujikunja popote, kituo kikapotea na kina cha kati kikaning'inia. Mshororo mfupi hausumbuki. Labda vijana hawaikimbii arudhi kwa uvivu tu. Wanaandika kwa kadiri ya ukurasa walio nao.

Aidha, simu ina sauti. Mradi wa Badilisha, ulioasisiwa Cape Town, umehifadhi mtandaoni rekodi za washairi wa Afrika wakighani tungo zao wenyewe. Sisi tunaofundisha kwamba ushairi wa Kiswahili ulikuwa wimbo kabla ya kuwa maandishi tungepaswa kuwa wa kwanza kushangilia.

Kisha kijana akanionyesha tungo zake mbili. La kwanza alilitunga kwa kunitii mimi: tarbia iliyotimia vina na mizani, yenye jahazi, mawimbi na pwani. Nilimuuliza kama amewahi kuiona bahari. "Bado, Prof. Lakini si shairi la Kiswahili lazima liwe na bahari?" La pili linahusu mto Rupingazi na mama anayepandisha mtungi wa maji alfajiri. Halina kina hata kimoja, lakini neno "mtungi" linarudi kila beti na kila linaporudi limezidi uzito. Huo ni ufundi. Bahari ya kuazima haikumtoa popote.

Hata hivyo, sisifu kila kitu. Katika shairi hilohilo alikata mishororo ovyo, kiunganishi kikibaki peke yake bila sababu. Uhuru wa umbo hauondoi wajibu wa kueleza kwa nini mshororo unaishia pale unapoishia. Tena, katika majarida mengi ya mtandaoni ya kanda hii Kiingereza ndicho mwenyeji, Kiswahili mgeni. Tena kurasa hizo ni dhaifu: ada ya tovuti isipolipwa, diwani nzima hutoweka usiku mmoja. Maktaba za vyuo vyetu, zinazotunza magazeti ya zamani, zianze kuhifadhi na haya.

Wahakiki nasi tusisubiri vitabu. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 tuligombana miaka mingi kama yale ni mashairi. Tukirudia ugomvi huo, watakaoumia ni wale wasio na kitabu cha kuwatetea.

Simu yangu ilipona. Nilipouliza ni pesa ngapi, akacheka: "Mia tano, Prof, na zile alama zangu."

Mia tano nililipa. Alama siwezi kuzirudisha, maana rekodi zilishafungwa. Niliketi tena, nikamwomba anisomee shairi la Rupingazi kwa sauti.