Chiriku wa Fabritius: Uhalisi wa Rangi Chache na Msamiati wa Uhakiki wa Sanaa

Makala haya yanahakiki mchoro mmoja mdogo wa rangi za mafuta ili kutetea hoja kuhusu lugha: kwamba Kiswahili kina nyenzo za kuelezea sanaa ya rangi, ila waundaji wa istilahi wamezitafuta mahali pasipo. Mchoro huo, uitwao kwa Kiholanzi Het puttertje, ulichorwa na Carel Fabritius mwaka 1654, mwaka uleule alipofariki katika mlipuko wa ghala la baruti mjini Delft. Umechorwa juu ya ubao ambao kimo chake hakifikii sentimita 34, nao umehifadhiwa katika makumbusho ya Mauritshuis, The Hague.

Chiriku amefungwa mnyororo mwembamba mbele ya ukuta mweupe uliopauka. Kwa mbali mtazamaji huona ndege hai. Akisogea karibu, haoni manyoya yaliyochorwa moja moja. Rangi nazo ni chache: weupe, weusi, hudhurungi, manjano na wekundu kidogo usoni. Juu ya weusi wa bawa umepakwa mstari mnene wa manjano na, kabla haujakauka, mchoraji ameukwaruza kwa mpini wa brashi hadi weusi wa chini ukajitokeza. Kwa hiyo uhalisi wa mchoro huu hautokani na wingi wa rangi bali na uhusiano baina yake. Manjano yanang'aa kwa kuwa yamezungukwa na rangi zilizofifia. Wekundu nao haukukozwa, usije ukashindana nayo.

Vivumishi vya asili vya rangi katika Kiswahili ni vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine huazima majina ya vitu, kama vile majani, majivu, manjano na kahawa. Wapo wanaouona uchache huo kuwa upungufu, na suluhisho lao ni kurefusha orodha ya majina. Mtazamo huo unapotosha. Mwanafunzi aliyekariri majina yote hayo bado hataweza kulieleza bawa la chiriku huyu, kwa sababu kinachohitaji kuelezwa ni hali ya rangi, si jina lake. Hali hiyo Kiswahili huieleza kwa vitenzi: rangi hukoza, hufifia, hupauka, huchujuka, hung'aa. Kutokana na vitenzi hivyo twaweza kunyambua ukozaji, ufifiaji na upaukaji bila kukopa neno lolote.

Huenda ikapingwa kwamba hayo ni maneno ya kanga iliyofuliwa na ukuta uliopigwa jua, yasiyo na usahihi wa kitaaluma. Lakini usahihi huletwa na fasili, wala hauletwi na ugeni wa neno. Waholanzi wenyewe walimwita ndege huyu kwa kazi aliyofunzwa akiwa kifungoni, yaani kuteka maji kwa kindoo kidogo. Jina la kitendo likawatosha.

Wanaoandaa mitaala ya sanaa wanashauriwa kuanza na vitenzi kabla ya orodha za majina. Mwanafunzi apewe rangi nne tu, amchore ndege aliye mbele yake, kisha aeleze kwa Kiswahili alivyozitumia. Pale atakaposhindwa kueleza ndipo istilahi mpya itakapohitajika. Si kabla ya hapo.