Hekima na Hukumu: Maana za Mzizi Mmoja wa Kiarabu

Wachunguzi wa maneno ya mkopo mara nyingi huridhika wakishataja kwamba neno fulani "limetoka Kiarabu". Maelezo hayo hayatoshi, na mzizi h-k-m unadhihirisha udhaifu wake.

Katika Kiarabu cha kale mzizi huu huhusishwa na wazo la kuzuia: ḥakama ni sehemu ya lijamu inayomzuia farasi. Katika ukoo huo zimo ḥukm, uamuzi, ḥikma, busara, ḥākim, mwamuzi au mtawala, ḥakīm, mwenye busara au tabibu, na ḥukūma, serikali.

Kiswahili hakikuupokea ukoo mzima. Kilichukua hukumu, hekima, hakimu na mahakama; nafasi ya ḥukūma ilishikwa na serikali, neno lenye asili ya Kiajemi. Aidha, irabu ndefu za Kiarabu hazikuhifadhiwa; ḥākim na ḥakīm zingeweza kutoa umbo moja tu. Mwamuzi alibaki, tabibu akatoweka. Hata huyo mwamuzi alipunguziwa cheo: nchini Kenya hakimu ni wa mahakama za chini, na Mahakama Kuu ina jaji, neno la Kiingereza.

Matokeo ya mgawanyo huu hudhihirika mahali kama Kibirichia, Meru, ambako Kiswahili hujengwa juu ya Kimeru. Kimeru hutofautisha irabu fupi na ndefu. Msemaji wake angeweza kuisikia tofauti ambayo Kiswahili kilichomfikia kilikuwa kimekwisha kuifuta. Zaidi ya hayo, Wameru wana Njuri Ncheke, baraza la wazee lisuluhishalo migogoro. Wazee husifiwa kwa hekima. Hukumu huachiwa mahakama.

Suala hili si la kamusi tu. Ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inazitaka mahakama kukuza njia za jadi za usuluhishi. Mfasiri akiandika kwamba wazee "wamemhukumu" mtu, ataweza kujitetea kwa mzizi. Lakini msomaji ataelewa kwamba mtu huyo ametiwa hatiani na kuadhibiwa, hali wazee wamewapatanisha majirani wawili.

Ni dhahiri, basi, kwamba asili ya neno hueleza njia liliyopitia, wala haiamui maana yake ya sasa. Kamusi zinapaswa kuonyesha yote mawili: mzizi, na mahali kila tawi lake lilipofikia katika matumizi ya wasemaji, wa pwani na wa bara.